Hakuna anayejua, au hakuna cha kujua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kwanta na bahati nasibu

Nimefundisha fizikia kidato cha tano na sita miaka kadhaa, na kila tukifika mada ya unururifu, yaani atomi kuvunjika zenyewe na kutoa mionzi, kuna kitu kinatokea darasani. Unawasha kaunta ya Geiger, unasogeza chanzo kidogo cha mionzi, inaanza kulia, tik, kimya, tik tik tik, kimya kirefu, tik. Lazima mmoja anyooshe mkono: mwalimu, inayofuata inalia lini? Unamjibu kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia. Na palepale linakuja la pili ambalo ndo gumu: mwalimu, hakuna anayejua, au hakuna cha kujua?

Yote hapa chini yanazunguka hilo swali la pili. Nimeyaweka jinsi nilivyoulizwa na wanafunzi, na ndugu, na mzee mmoja jirani yangu ambaye akisikia neno kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama atomi na elektroni, hakuachii mpaka umweleze akaelewa.

Nina haraka. Ndiyo au hapana, kwanta imeonyesha kwamba dunia yenyewe haijaamuliwa?

Kuonyesha kabisa, bado. Kwanta inakupa asilimia, na hizo asilimia zimepimwa karibu miaka mia sasa na zimesimama. Ila kwa nini tupewe asilimia badala ya jibu moja, hapo maelezo yapo zaidi ya moja, mengine yanasema bahati nasibu iko kwenye dunia yenyewe, mengine yanasema kila kitu kimeshapangwa ila macho yetu hayafiki, na hesabu zinatoka zilezile. Kilichokufa kweli ni wazo moja ambalo watu wengi wanalo bila kujua wanalo, kwamba kila chembe inatembea na majibu yake mfukoni, yameshaandikwa, na sisi tukipima tunayasoma tu. Hilo limezikwa, na namna lilivyozikwa ndo sehemu nzuri kuliko zote. Ipo chini kwenye swali la mwanafizikia John Bell, ukitaka ruka hadi pale.

Unaposema "haijaamuliwa" unamaanisha nini hasa?

Swali zuri sana sababu hapa ndo watu wanagombana bure. Chukua mechi ya jana ambayo hujasikia matokeo. Matokeo yapo, wewe ndo hujayapata. Sasa chukua mechi ya kesho, hata ukiwajua wachezaji wote na magoti yao yana hali gani, pengine matokeo hayapo popote bado. Halafu chukua kitu cha tatu, simama ufukweni uulize hili wimbi liko kwenye milimita ipi. Hapo hujakosa taarifa wala husubiri kesho, swali lenyewe halina jibu kamili maana wimbi limetanda.

Kutojua, kutoamuliwa, kutokuwa na thamani kamili. Kwanta inagusa yote matatu na maelezo mengi yanayachanganya, na lugha yetu nayo imeongeza ugumu kidogo. Tumezoea kuiita kanuni ya Heisenberg, ile inayosema chembe haiwezi kuwa na mahali kamili na mwendo kamili kwa pamoja, "kanuni ya kutokuwa na uhakika". Sasa uhakika ni wa mtu, mimi ninao, wewe huna, elektroni haina habari na uhakika. Kwa hiyo kabla hujasoma mstari wa kwanza jina limeshakuamulia kwamba tatizo liko kichwani mwako. Heisenberg mwenyewe mwaka 1927 kwa Kijerumani chake alitumia maneno zaidi ya moja, mojawapo ni Unbestimmtheit, ambalo linaelekea zaidi kwenye kitu chenyewe kutokuwa bayana. Naona tungeanzia hapo tungepunguza ubishi mwingi, mfano "kanuni ya kutobainika".

Kwani sababu yake si kwamba tukiipima chembe tunaisukuma?

Ndivyo tulivyofundishwa wengi, na mi nimefundisha hivyo pia miaka ya mwanzo. Mfano wenyewe ni wa Heisenberg: unataka kuiona elektroni kwa darubini, lazima uimulike, mwanga wenye nguvu ya kutosha kukuonyesha ilipo unaigonga na kuibadilishia mwendo. Ukiishia hapo unatoka na picha kwamba elektroni ilikuwa na mahali kamili na mwendo kamili, sisi ndo tumevuruga kwa mikono yetu mizito. Hata mwanafizikia mwenzake Niels Bohr alimwambia Heisenberg kwamba hesabu ya ile darubini ina kasoro, na Heisenberg akaongeza maelezo ya kukiri hilo mwishoni mwa makala yake.

Mwaka huohuo wa 1927 mwanafizikia Kennard akatoa ule ukomo kwa hesabu safi, kwamba mtawanyiko wa mahali mara mtawanyiko wa momentamu (masi mara mwendo) hauwezi kushuka chini ya h, ile namba ya Planck isiyobadilika, gawanya kwa 4π, na humo ndani hamna mtu anayepima wala mwanga unaogonga chochote. Ni sifa ya hali yenyewe ya chembe. Ukitaka kuigusa kwa mkono angalia heliamu. Vimiminika vingine vyote ukivipoza vya kutosha vinaganda, heliamu hata uishushe karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri haigandi kwa presha ya kawaida, inahitaji kama mara 25 ya presha ya hewa ndo iwe mango. Sababu ni kwamba atomi zake ni nyepesi, na kuzibana kila moja isimame mahali pake kunazipa mtikisiko ambao huwezi kuuondoa. Kwenye ile chupa ya heliamu hakuna anayechungulia. Na haidrojeni vilevile, kwa fizikia ya zamani elektroni ingezama kwenye kiini ndani ya muda mdogo kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde, haizami kwa sababu hiyohiyo, na ndo maana wewe na kiti ulichokalia mpo.

Mbona hata hali ya hewa haitabiriki, na sarafu pia? Tofauti iko wapi?

Sarafu inafuata sheria za Newton mwanzo mwisho. Ukijua ilivyorushwa, kwa kasi gani, hewa ikoje, jibu limo humo. Hali ya hewa nayo, Edward Lorenz alionyesha mwaka 1963 kwamba hesabu ambayo kila hatua yake imeamuliwa kikamilifu inaweza ikakushinda kutabiri kwa sababu kosa dogo la mwanzo linakua haraka mno. Kwa hiyo kutotabirika hakukuambii kwamba kitu hakijaamuliwa. Mtu akikwambia "kwanta haitabiriki kwa hiyo dunia ni bahati nasibu" ameruka hatua, mrudishe.

Tofauti ya kwanta ni kwamba kwenye sarafu unajua nini ungehitaji kujua. Kwenye atomi, nadharia inakwambia umeshapewa vyote.

Nieleze basi hiyo ya atomi, polepole

Chukua atomi mbili za urani-238, urani hiihii iliyoko kwenye miamba ya mto Mkuju kule Ruvuma au iliyochimbwa Shinkolobwe, Katanga. Moja inavunjika leo saa nne asubuhi. Ya pili inakaa miaka bilioni sita mingine. Umri wao haujalishi, atomi haizeeki, iliyokaa miaka bilioni nne ina nafasi ileile ya kuvunjika leo kama iliyozaliwa jana, na ukizichemsha au ukizigandisha hakuna unachobadilisha. Ukifungua nadharia ya kwanta ukauliza zilikuwa na tofauti gani saa tatu na dakika hamsini na tisa, jibu ni kwamba hazikuwa na tofauti yoyote.

Soma tena hiyo sentensi. Hazikuwa na tofauti yoyote, halafu moja imevunjika na nyingine haijavunjika. Kila mtu niliyemweleza akaelewa vizuri ananyamaza kidogo hapa.

George Gamow mwaka 1928 alieleza namna chembe ya alfa inavyopenya ukuta ambao kwa nguvu zake isingeweza kuuruka, na hesabu yake inakupa nafasi ya kupenya kwa kila sekunde. Nafasi tu. Na hizo nafasi zikijumlishwa zinakuwa kitu imara ajabu, gramu moja ya urani-238 inavunjika karibu mara 12,400 kila sekunde na huwezi kuisogeza namba hiyo. Hospitali zinazotumia teknetiamu-99m kupiga picha za mifupa na moyo zinapanga ratiba za wagonjwa kwa kutegemea kwamba nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuvunjika, ni saa 6. Umati unaaminika kabisa, wa mmoja mmoja hatujui. Au hakuna cha kujua.

Lakini ikwesheni ya Schrödinger, ile ya msingi ya kwanta, si haina bahati nasibu ndani yake?

Kweli kabisa, na watu wengi hawalijui hili. Ukiipa hali ya leo, inakupa hali ya kesho bila kuyumba, kama Newton, ingawa kinachosogea ni wimbi la uwezekano. Bahati inaingia mlango mwingine, pale unapopima, kwa kanuni ya Max Born ya mwaka 1926 inayosema chukua ukubwa wa wimbi, uzidishe kwa wenyewe, hiyo ndo nafasi yako. Sasa "kupima" ni nini kifizikia? Kifaa nacho si ni atomi? Kwa nini atomi zikiwa peke yao zinafuata ikwesheni isiyo na bahati, zikikusanyika zikawa kaunta ya Geiger ghafla zinafuata kanuni ya bahati? Nadharia kama ilivyo vitabuni haijibu, na ubishi wote wa dunia kuamuliwa au kutoamuliwa umejificha kwenye hako kaufa. Mtu anayekwambia fizikia imeshamaliza suala hili muulize kupima ni nini.

Na paka wa Schrödinger?

Ndo hilohilo. Schrödinger alimleta yule paka wa kufikirika, aliyefungwa kwenye boksi na sumu inayomwagika atomi ikivunjika, mwaka 1935 kama pingamizi, kuonyesha kwamba ukiichukua nadharia bila kujibu swali la kupima unafika pabaya. Hakuwa anafundisha kwamba paka kweli ni hai na mfu.

Einstein alikataa tu kwa sababu alikuwa amezeeka, au?

Hapana, na hili linaniuma maana linarudiwa sana. Barua yake kwa Born kwamba Yeye, yaani Mungu, hachezi kete ni ya Desemba 1926, Einstein ana miaka 47. Na miaka kumi kabla, kwenye kazi yake ya 1916 na 1917 kuhusu atomi kutoa mwanga, ni yeye aliyeingiza uwezekano kwenye hesabu, na palepale akaandika kwamba ni udhaifu wa nadharia kuachia bahati wakati na mwelekeo wa mwanga kutoka. Yaani aliiona shida mapema kuliko karibu wote.

Halafu kete hazikuwa ndo shida yake kubwa. Makala yake ya 1935 na Podolsky na Rosen inahusu kitu kingine, chembe mbili zilizofungamana zikiwa mbalimbali, ukipima moja unajua ya pili papo hapo. Einstein akasema, basi ama hiyo ya pili ilikuwa na jibu lake tayari na kwanta haijakamilika, ama kupima hapa kumegusa kule kwa mbali, na hilo la pili hakulikubali. Ni hoja ya mtu makini. Ilikaa karibu miaka 30 bila mtu kujua namna ya kuipima.

Nilisoma von Neumann alithibitisha kwamba hakuna kitu kilichofichika nyuma ya kwanta

Alichapisha uthibitisho mwaka 1932 na kwa kuwa alikuwa von Neumann, mwanahisabati mkubwa, watu wakaufunga mjadala. Mwaka 1935 Grete Hermann, mwanahisabati Mjerumani aliyesomeshwa na Emmy Noether, akaonyesha tobo: von Neumann alichukua kanuni inayofaa kwa wastani wa chembe nyingi akaidai pia kwa kila chembe moja moja, na hakuna sababu ya kuidai. Tobo la wazi. Hakusikilizwa. John Bell alilifikia tobo hilohilo mwenyewe na makala yake ikatoka 1966, miaka 31 baadaye. Kila nikifika hapa nawaza vijana wangapi waliambiwa "hilo lilishathibitishwa, usipoteze muda", na ushahidi kwamba halijathibitishwa upo umechapishwa.

Na mwaka 1952 David Bohm, aliyekuwa amehamia Brazil baada ya kupoteza kazi Princeton kwa sababu za kisiasa, alitoa kabisa nadharia kamili yenye vitu vilivyofichika, akifufua wazo la mwanafizikia de Broglie la mkutano wa wanafizikia wa Solvay wa 1927. Ndani yake elektroni ina mahali pake kamili muda wote, wimbi linaiongoza kama mkondo unavyoongoza jani, na kila kitu kimeamuliwa. Bahati inabaki kwetu tu kwa kuwa hatuwezi kujua mahali pa mwanzo kwa undani wa kutosha. Na inatoa asilimia zilezile za kwanta ya kawaida. Kwa hiyo mtu anayesema "kwanta haiwezekani kuelezwa na dunia iliyoamuliwa", maelezo hayo yapo tangu 1952. Ila Einstein naye hakuifurahia, alimwandikia Born kwamba ameiona ni njia rahisi mno.

Sasa huyo Bell alifanya nini?

Kaa vizuri. Kwanza kitu ambacho hakina ajabu: una jozi ya kandambili, unafunga ya kushoto kwenye boksi moja na ya kulia kwenye lingine bila kuangalia, boksi moja linaenda Tanga moja Mbeya. Wa Tanga akifungua akaona ya kushoto anajua palepale Mbeya kuna ya kulia. Hakuna kilichosafiri, ziliondoka zikiwa hivyo. Einstein alikuwa anasema chembe zilizofungamana ni kandambili.

Sasa mapacha wawili wanaingia vyumba viwili tofauti vya mtihani, hawawezi kuangaliziana. Kuna maswali matatu, A, B na C, ya ndiyo au hapana, ila kila pacha anaulizwa moja tu, linachaguliwa kwa kura akishaingia chumbani. Unarudia mara maelfu na unagundua kila wakiulizwa swali moja wote, majibu yanafanana, haikosei. Utasema nini? Walipanga majibu nyumbani, ndo maelezo pekee ya mtu mwenye akili timamu. Mfano walikubaliana A ndiyo, B ndiyo, C hapana.

Haya, wakiulizwa maswali tofauti je? Majibu ni matatu na aina ni mbili tu, ndiyo na hapana, kwa hiyo lazima angalau mawili yafanane. Ukihesabu jozi, AB, AC, BC, angalau moja kati ya tatu inafanana, vyovyote walivyopanga, na hata wakibadilisha mpango kila siku. Kwa hiyo kwenye maswali tofauti lazima wakubaliane angalau theluthi moja ya mara. Chukua kalamu ujaribu mipango yote, ipo minane tu. Hutapata chini ya theluthi.

Sasa mapacha wawe fotoni mbili (chembe za mwanga) zilizofungamana, na maswali matatu yawe vichujio vya mwanga vikiwekwa nyuzi 0, 60 na 120. Kwenye maswali tofauti kwanta inasema zitakubaliana robo ya mara. Robo ni ndogo kuliko theluthi.

Ndo hivyo tu. Mwaka 1964, hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaifuata, na inasema kama kwanta ni sahihi basi chembe hazikupanga majibu nyumbani na kukaa nayo. Kandambili hazitoshi. Nimeifundisha mara nyingi na bado kila nikifika kwenye hiyo robo nasisimka.

Na imepimwa kweli au ni hesabu tu?

Imepimwa. Freedman na Clauser kule Berkeley mwaka 1972, na Clauser alitamani Einstein ndo awe sahihi, haikuwa hivyo. Aspect na wenzake Orsay mwaka 1982 walikuwa wanabadilisha kipimo fotoni zikiwa tayari njiani. Mwaka 2015 kule Delft walitumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizo umbali wa kilomita 1.3 ili mwanga wenyewe usipate muda wa kubeba habari toka upande mmoja hadi mwingine, kwa kipimo chao dunia ya kandambili haiwezi kupita 2, wakapata 2.42. Wengine wawili, Vienna na Marekani, wakaziba mwanya huohuo wa habari kusafiri mwaka huo. Nobeli ya 2022 ikaenda kwa Aspect, Clauser na Zeilinger.

Kwa hiyo Bell ameua wazo la dunia iliyoamuliwa?

Hapana! Na Bell mwenyewe angekukatalia, maana alimpenda Bohm, aliandika kwamba kwenye zile makala za 1952 aliona lisilowezekana limefanyika. Alichoua ni mchanganyiko: majibu yaliyopangwa PAMOJA na kila kitu kubaki mahali pake bila kugusa cha mbali. Ukitaka kubaki na dunia iliyoamuliwa unaweza, ila unalipa, na bei ndo hizi.

Ukienda na Bohm unalipa kwa kukubali kwamba ukigeuza kifaa Tanga, chembe ya Mbeya inabadilisha njia papo hapo, ingawa huwezi kutumia hilo kutuma ujumbe. Ukienda na Hugh Everett wa 1957, hakuna bahati kabisa, ikwesheni ya Schrödinger inaendelea bila kukatika na kila jibu linatokea, kila moja kwenye tawi lake, na wewe pia unagawanyika. Hapo dunia nzima imeamuliwa kikamilifu, ila nashindwa kuelewa "nafasi ya robo" inamaanisha nini kama yote yanatokea, wafuasi wake wana majibu, mimi hayajanitosha. Njia ya tatu, anayoitetea mwanafizikia Gerard 't Hooft, inasema hata kura ya kuchagua swali la kuwauliza mapacha ilikuwa imepangwa pamoja na majibu yao tangu mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 2018 jaribio lililotumia darubini za kisiwa cha La Palma liliachia mwanga wa kwasa mbili (vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa sana) uchague vipimo, mmoja uliondoka miaka bilioni 7.8 iliyopita, mwingine 12.2, na matokeo hayakubadilika. Halikuifuta hiyo njia, maana mpango unaweza kuwa wa zamani zaidi, ila limeusukuma nyuma mbali sana.

Na ukikataa zote tatu ukasema chembe haikuwa na jibu mpaka ilipoulizwa, na jibu halikuamuliwa na chochote, bado haujaponyoka. Mapacha hawakupanga, hawasikilizani, na wakiulizwa swali moja wanajibu sawa kila mara. Kwa nini? Bahati mbili tofauti zinakubalianaje? Wanaosema "ni bahati tu" huwa hawaligusi hili na ndo sehemu nzito.

Hii inapingana na kadari? Mzee wangu anasema Mungu anajua kila kitu

Mzee jirani yangu aliniuliza hili kwa uzito mkubwa na nilimjibu kwa uzito uleule. Nadharia ya kwanta, hata ukiisoma kwa namna ya bahati nasibu kabisa, inasema kwamba hali ya dunia saa tatu pamoja na sheria za fizikia havitoshi kuamua atomi ipi ivunjike saa nne. Inazungumzia hali ya dunia na sheria zake, basi. Anayejua nje ya hivyo hayumo kwenye hesabu, kwa kumkubali wala kwa kumkana. Muislamu anayeamini qadar na Mkristo anayeamini majaliwa hawana ikwesheni ya kuogopa hapa. Kinachopingana na kwanta ya namna hiyo ni lile wazo la Laplace la 1814, kwamba akili inayojua mahali na mwendo wa kila chembe leo ingeona kesho yote kwa kupiga hesabu. Hiyo ni imani kuhusu mashine, na dini zetu zilikuwepo kabla yake.

Basi ndo tuna uhuru wa kuchagua?

Sioni inavyofuata. Kama mkono wako unanyanyuka kwa sababu atomi fulani imevunjika bila sababu, hujachagua, umetokewa.

Kuna mtu anauza bangili ya kwanta ya kurekebisha nguvu za mwili

Usinunue. Hakuna chochote kwenye ukurasa huu wala kwenye kwanta yote kinachotoa bangili ya namna hiyo, na kama ndugu yako anaumwa hiyo hela ni ya hospitali.

Kutobainika huku kuna faida yoyote?

Ipo. Benki na simu zinahitaji namba ambazo hakuna anayeweza kukisia, na namba za kompyuta ya kawaida mara nyingi zinatoka kwenye fomula, anayeijua fomula na ilipoanzia anazijua. Mwaka 2010 kikundi kimoja kilitumia jaribio la Bell kuthibitisha biti 42 (tarakimu za sifuri au moja) kwamba ni nasibu bila kulazimika kuviamini vifaa vilivyozitoa. Biti 42 ni chache mno, ila tangu hapo kazi imekwenda mbele.

Wewe mwenyewe unaamini nini?

Naegemea kwamba hakuna cha kujua, yaani ile atomi haikuwa na tofauti na mwenzake na hakuna kilichoamua. Sababu yangu si kwamba imethibitishwa, nimeshasema haijathibitishwa. Ni kwamba kila jitihada ya kurudisha majibu mfukoni mwa chembe imelazimika kuficha kile kilichoamua mahali ambapo kwa kanuni zake yenyewe hatutakiona kamwe, na mi naona ukilazimika kuficha hivyo kila mara ni dalili. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma wote chuo yupo na Bohm miaka yote na ananiambia nimekubali kirahisi kwamba vitu vinatokea bila sababu, na kwamba kama watu wangekubali hivyo kwenye magonjwa tusingegundua vijidudu. Hoja yake ya vijidudu sina jibu lake zuri.

Kuna jaribio linaloweza kuamua kati ya hizi njia?

Kati ya Bohm na kwanta ya kawaida, kwa jinsi zilivyo sasa, hapana, zinatabiri namba zilezile. Ila kuna kundi jingine linalosema wimbi linaporomoka kweli, lenyewe, kwa bahati, bila kupimwa, Ghirardi, Rimini na Weber waliliandika mwaka 1986, na hilo linatofautiana na kwanta kidogo kwa hiyo linapimika. Ukikuza kitu kinachotanda kama wimbi, kwa kundi hili kuna ukubwa ambao kikifika kitaacha kutanda. Vienna mwaka 2019 walitandaza molekuli zenye karibu atomi 2,000 na bado zilikuwa wimbi. Njia nyingine, maporomoko hayo yanatakiwa kuzifanya chembe zenye umeme zitoe mionzi hafifu sana, na chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia waliweka kigunduzi cha elementi ya germani mbali na kelele za miale ya anga wakaisubiri. Kiasi kilichotabiriwa na toleo rahisi zaidi la wazo la Diósi na Penrose, kwamba graviti, yaani mvutano wa vitu, ndo inayoangusha wimbi, hakikuonekana, na toleo hilo likaondolewa. Matoleo mengine bado yapo na vigunduzi vinaendelea kuboreshwa.